Kampeni ya Kunong'ona

Mgombea alipanda ngazi akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Nyuma yake watu wa chama wakapanda vivyo hivyo, kimya, mmoja mmoja, kama wezi waliokuja kurudisha mali. Injini ya mashua walikuwa wameizima kule kwenye kona ya mto, wakapiga makasia mpaka kwetu, na kipaza sauti wakakiacha gatini kimefunikwa turubai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Mgombea akaketi mkekani mbele ya bibi yangu, akakohoa ndani ya kiganja, kisha akainama na kuanza kunong'ona hotuba yake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza sekondari juzi tu, na ule ndio ulikuwa uchaguzi wangu wa kwanza. Nimepiga kura mara nyingine tangu hapo. Hakuna iliyonukia vile, unyevu na moshi wa kuni, wala iliyopita karibu na sikio namna ile.

Kiti kilichokuwa kinagombewa kilikuwa cha Babu Nyanggau, mume wa Bibi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetuwakilisha watu wa mto wetu katika baraza la jimbo, mpaka mvua za mwaka ule zilipoanza na moyo wake ukaamua kwamba imetosha. Hapo sheria mbili zikakutana njiani na hakuna iliyotaka kumpisha mwenzake. Sheria ya mji ilisema kiti kilichobaki wazi kijazwe kwa uchaguzi mdogo ndani ya siku sitini tangu kitangazwe kuwa wazi. Desturi yetu sisi Waiban ilisema nyumba ndefu nzima, yaani milango yote iliyo chini ya paa letu moja, inyamaze miezi mitatu. Nguo za rangi na mapambo ya mjane hufungwa kwenye bunda, likatundikwa mlangoni pake, na mpaka kamba ya bunda lile ikatwe halipigwi gongo la shaba, haiwashwi redio, hakivaliwi chekundu, hakuongelewi kwa sauti, na hacheki mtu. Anayevunja mwiko analipa mtungi na kuku. Kule kwetu huo mfungo unaitwa ulit. Hata nyimbo za kanisa siku ya Jumapili tuliziimba kwa kunong'ona, na jogoo wa mzee wa nyumba, Baba Unchat, alilala ndani ya kapu chini ya magunia matatu.

Watu walinihurumia mimi kuliko mjane. Jina langu ni Mayang, lakini kwenye ukumbi wetu mrefu waliniita Redio, na redio zote zilikuwa zimezimwa.

Mgombea mwenyewe hakuwa mgeni. Manjan alikuwa mjukuu wa kaka yake Babu, mhandisi wa mjini, kijana nadhifu ambaye kila alipoongea Kiiban ungedhani anakanyaga mawe ya mtoni bila viatu. Mpinzani wake, Mwalimu Layang, aliyenifundisha jiografia, alikuja siku ya pili na watu watatu tu. Alinong'ona vizuri kumshinda. Miaka yote ile ya kunyamazisha madarasa ilikuwa imemwandaa. Wote wawili waligawa fulana. Kwa kuwa rangi zilikuwa mwiko, akina mama wakazichemsha zote kwenye sufuria moja la majani na tope mpaka zikawa nyeusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua nani ni wa chama gani. Nilimwambia Baba Unchat kwamba nchi imepata umoja hatimaye. Akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka, kisha akanionyesha kwa kidole ule mtungi wake mkubwa ili nikumbuke.

Lakini hotuba ya Manjan asubuhi ile haikuwa ya kuomba kura. Ilikuwa ya kuomba kamba ikatwe.

Mkubwa wa chama, alinong'ona, yuko tayari kuja kwa helikopta na kutangaza daraja. Daraja la zege, hapa hapa, mbele ya gati letu. Ila mkubwa hawezi kutua kwenye nyumba iliyofungwa. Anakuja na magongo, na wacheza ngoma, na nguruwe wa kuchinja, na mashine yenyewe inavyonguruma ingetosha kumaliza mitungi ya nyumba nzima kwa faini. Bibi akikubali kukata mapema, mwezi mmoja tu kabla ya wakati, daraja ni letu.

Ukumbi wote uliinamisha masikio. Mwaka uliotangulia mafuriko yalipindua mashua ya shule. Watoto wote waliokolewa, wakiwa wameng'ang'ania matawi kama popo, lakini tangu hapo mama zao walikuwa hawalali mvua ikinyesha, na kwetu mvua haina likizo. Mama Sedau, ambaye mwanawe alitolewa wa mwisho, alikuwa ameketi karibu na Bibi. Alimtazama bila kupepesa macho.

Bibi Empiang alichukua jani la tambuu, akalipaka chokaa, akatafuna. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na nguo nyeusi zilimpunguza zaidi. Alimwambia Manjan kwamba kamba ile haikufungwa kwa ajili yake wala kwa ajili ya mkubwa. Mwenyewe akitaka ikatwe, atakuja aseme.

Nani hakuelewa? Kwetu wafu huja usingizini, na asubuhi ndoto hutangazwa ukumbini kama wengine wanavyosoma gazeti. Manjan aliondoka na viatu vyake mkononi. Kesho yake nyumba nzima ikaanza kuota.

Baba Unchat alimwona Babu amevaa shati jeupe, ameshika kisu. Binamu yake alimwona juu ya daraja, anapunga mkono. Mtu wa mlango wa mwisho, ambaye hata mkewe hajui kama huwa analala au anazimia tu kwa pombe ya mchele, alimsikia Babu akieleza faida za zege, upana wa barabara na nafasi za kazi kwa vijana. Bibi aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kwa adabu, akiwatilia chai.

"Miaka yote kwenye baraza lile hakuwahi kusema maneno mengi hivyo," alisema. "Kufa ndiko kumemfundisha siasa?"

Ilikuwa kweli. Magazeti ya mjini yalimwita mheshimiwa bubu. Aliinua mkono kwenye kura, akaushusha, akarudi nyumbani kupalilia pilipili manga zake. Na Bibi hakuwa na ndoto yoyote ya kutoa. Mimi nililala naye chumbani siku zile. Najua kwamba kila alfajiri aliamka akatandaza upya upande wa Babu wa mkeka, akaulainisha kwa kiganja, halafu akakaa akiutazama bila haraka, kana kwamba mtu ametoka kwenda kunawa tu. Ule mwezi uliobaki ndio uliokuwa mali yake. Hakuwa na nyingine aliyoijali.

Manjan alirudi wiki iliyofuata. Ilikuwa mchana, joto limekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia, pilipili zimeanikwa nje zikituma harufu yake kali mpaka ndani. Mkubwa anataka jibu leo, alinong'ona. Akaendelea kunong'ona. Sauti yake ilipita juu ya mikeka kama maji kwenye mchanga, na mimi, niliyekuwa nimeegemea nguzo nyuma ya Bibi, nikazama.

Niliota baraza la jimbo limejengwa juu ya mto wetu. Sijawahi kuingia humo, lakini ndotoni nililijua kama jiko la nyumbani. Viti vyekundu vilikuwa vinaelea safu kwa safu, na waheshimiwa walivikalia wamevaa tai, wakipiga makasia kwa makaratasi yao. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, kinazunguka polepole kama jani. Babu alikuwa ukingoni, suruali kaikunja magotini, anaosha miguu. Spika akamwita kwa jina lake kamili. Akamwita tena. Babu akainua kichwa, na kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia katika uhai wake, akamjibu kama abiria anayemwambia nahodha asimngoje: "Mimi nimeshashuka." Kisha akacheka. Akacheka na meno yake yote, hata yale yasiyokuwepo, na waheshimiwa wakaanza kugongana na viti vyao, na mimi nikacheka naye.

Nilipofumbua macho nilikuwa bado nacheka. Kwa sauti. Kicheko kilikuwa kimeshakwenda mpaka mwisho wa ukumbi na kilikuwa kinarudi. Chini ya magunia matatu jogoo wa Baba Unchat akawika.

Kila mtu alinitazama. Manjan alikuwa wa kwanza kuzinduka. Akauliza, safari hii karibu kwa sauti, kama ni marehemu aliyenichekesha, na nilipotikisa kichwa kukubali, akamgeukia Baba Unchat: si ndiyo jibu hilo? Mwiko umeshavunjika, na aliyeuvunja ni damu yake mwenyewe. Minong'ono ikapanda kama nyuki. Mama Sedau alikuwa amesimama tayari, mkono kifuani.

Bibi alinishika kiwiko, akaniingiza chumbani, akafunga mlango. Nilianza kuomba radhi. Hakutaka kusikia radhi.

"Alisema nini?"

"Alisema ameshashuka."

"Alikuwa anakuja au anakwenda?"

Mimi ambaye nilikuwa na jibu la kila mtu, tangu kwa mwalimu mkuu hadi kwa mchungaji, safari hii nililipima kwanza, maana ndoto haikunionyesha. Nikisema anakuja, Bibi angebaki na mwezi wake, na mkeka wake, na watoto wa mto wangeendelea kuvuka kwa mashua. Nikisema anakwenda, ningekuwa nimemtoa Babu nje kwa mkono wangu. Na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa Redio, nusu ya niliyosema haikuaminiwa hata ilipokuwa kweli.

"Anakwenda, Bibi. Alipanda kuelekea kwenye pilipili."

"Aligeuka?"

"Hapana."

Alinyanyua mkono nikadhani atanipiga. Alinitoa jani la mkeka lililoninasa shavuni. Akakaa kitako juu ya upande wa Babu, hapo ambapo hakuwa amekaa tangu msiba.

Tulipotoka, hakunong'ona. Aliongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizana chumvi iko wapi, na baada ya wiki zote zile ilisikika kama radi.

"Mume wangu ameondoka. Huyu mtoto kamwona. Hana haja na kamba hii tena."

Manjan alianza kuinuka.

"Kaa, mjukuu wangu. Yeye amemaliza, mimi sijamaliza. Siku zilizobaki zilikuwa zake, sasa ni zangu. Mwezi ukiandama nitaita mtu akate."

"Na daraja, Bibi?"

"Babu yako aliliomba bila magongo miaka yote aliyokaa kule."

"Ndiyo maana hatukulipata," mtu alisema nyuma, taratibu, na hakuna aliyemkemea, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli. Mama Sedau alikunja mkeka wake, akaenda kuutandika mbele ya mlango wa mbali.

Mkubwa wa chama alitua kwenye nyumba ya chini, kona nne za mto kutoka kwetu. Siku ile upepo ulikuwa unatoka upande huo. Tulikaa ukumbini tukichambua pilipili, na magongo yakatufikia vipande vipande kupitia msitu, yakaja, yakapotea, yakaja tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Mikono ya watu ilikuwa inafuata mdundo bila wao kujua. Bibi alisikiliza kichwa kikiwa chini. Sijui alisikia nini.

Siku ya kura ilinyesha. Tulikwenda shuleni kwa mashua zilizojaa watu waliovaa nyeusi tupu kama kunguru. Baada ya kupiga kura, Bibi alisimama na kidole chake kilichochovywa wino na kumuuliza Baba Unchat kama lile ni pambo. Mzee alikitazama kidole kile muda mrefu, foleni nzima ikimngoja. Akasema ni uchafu wa serikali, haukatazwi.

Manjan alishinda, kwa kura chache. Daraja lilijengwa kule alikotua mkubwa, na watoto wetu hulifikia kwa kutembea saa nzima kwenye tope. Wavivu bado wanapanda mashua. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba mwezi mmoja wa bibi kizee uligharimu nyumba nzima. Sibishani nao. Nina mtoto mimi mwenyewe sasa, na mvua ikinyesha, mimi pia silali.

Mwezi ulipoandama, Baba Unchat alikata kamba. Mama Sedau ndiye aliyekuja kumsuka Bibi nywele. Hakusema kitu, alivuta kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Bibi akaacha avute. Akavaa blauzi nyekundu. Magongo yakapigwa mpaka mbao za sakafu zikawa zinawasha nyayo, nami nililipa mtungi na kuku wangu, nikawachekesha watu kwa deni la miezi mitatu.

Baadaye, watu walipochoka, Bibi alinivuta tukae pembeni. Tangu siku ya kura hakuwa amemuuliza mtu yeyote matokeo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alinywa funda la pombe, akafuta mdomo.

"Haya. Nani amekaa pale?"

Nikamwambia ni Manjan. Alitazama mtoni, mahali ambapo ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kushuka, na akafikiri.

"Kiti kile kiko chini kabisa ya ile mashine ya kupuliza baridi," alisema. "Mwambieni avae sweta."