Ua la Gundi

Mama Seline hakuwa na subira ya kungoja kaktasi ichanue. Vile vimimea vya miiba, visivyozidi ngumi ya mtoto, huweza kukaa miaka mitatu bila kutoa ua, na wateja wa kando ya barabara pale Kondele wanataka ua leo. Basi akamfunza Rachael kazi: dondosha gundi ya moto utosini, bandika ua kavu, puliza. Rachael alikuwa amebandika mamia, na kazi yenyewe aliichukia. Lakini aseme nini? Tangu mamake afariki kule Sondu, alilala kwa Mama Seline, mama yake mdogo, akala kwake, akafanya kazi kwake. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jumatatu asubuhi Mzee Opiyo, mwalimu mstaafu aliyekuwa amenunua kaktasi kwao, alirudi na mkebe wake ameukumbatia.

"Nyathina, mtoto wangu, hebu angalia hii," alisema. "Mama wa nyumbani yuko kitandani tangu Pasaka. Hii ndio anaangalia siku mzima. Sasa kuna vitu vinatokea hapa chini ya ua, anaogopa inakufa."

Rachael aliinama. Vitumba vinne, vyekundu nchani, vilikuwa vimelizunguka tone la gundi, vimepinda, vikitafuta pa kupitia. Yalikuwa maua ya kweli, na huenda yangefunguka kabla ya Jumapili. Alifurahi mpaka akasahau alipo.

"Hiyo ni ugonjwa, Mzee," Mama Seline akajibu kutoka kitini, wembe tayari mkononi. "Rachael, kata hiyo kitu isiharibu ua ya mzee."

Rachael aliupokea wembe. Angeweza kulibandua lile ua la gundi, mzee akajua yote. Na jioni hiyo hiyo nguo zake zingekuwa nje ya mlango. Alimtazama mama yake mdogo. Mama Seline naye alimtazama, bila hasira, kama mtu anayejua ng'ombe wake atarudi zizini mwenyewe.

Akakata. Cha kwanza, cha pili, vyote vinne. Ndani vilikuwa vibichi, petali zimekunjwa vizuri, na Rachael aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Itapona?" Mzee aliuliza.

"Itapona, Mzee."

Mzee Opiyo akamwekea mkono kichwani, akamwombea baraka taratibu, kama anavyowaombea wajukuu wake, kisha akaukumbatia mkebe na kwenda kumpelekea mkewe habari njema.