Inchi Nne za Mzee Alute

Asubuhi hiyo Mzee Alute alichinja ng'ombe wawili kwa ajili ya wageni wa wilaya: mtamba ambaye hajazaa, na maksai mkongwe aliyechoka kuvuta plau. Aliwaelekeza kibla, akapiga bismillahi, akawachuna, kisha akautenga uti wa mgongo kwa shoka dogo. Kijiji kilikuwa kipya, mwendo wa saa mbili kutoka Mungaa, na waliohamishiwa hapo walikuwa wa dini mbalimbali. Lakini mchinjaji wao alikuwa mmoja, na ujira wake ulikuwa pingili za mgongo. Alizitia kikapuni akaenda moja kwa moja ofisini, damu ingali kwenye kucha, kwa maana siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kufunga orodha ya wazee.

Aliyetimiza miaka sitini alisamehewa shamba la pamoja na kupewa unga wake wa yanga, yale mahindi ya manjano ya msaada, bila kushika jembe. Asiyetimiza alipimiwa matuta ishirini kwa siku, na asiyeyamaliza hakupata unga. Mvua ilikuwa imewanyima mwaka ule, na hapakuwa na chakula kingine ila kile cha ghala la kijiji. Alute alikwisha kushindwa matuta hayo mara tatu.

"Shikamoo, mzee," alisema Bonifasi, katibu wa kijiji. "Umeleta ushahidi wa umri?"

"Marahaba, mwanangu. Huu hapa."

Kilikuwa kipande chake cha manamba, kadi ya kibarua aliyopewa katika mashamba ya mkonge ya Tanga mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita, akiwa na miaka ishirini na mitano. Bonifasi alihesabu kwa vidole, akapata sitini na minne, akashika kalamu. Kisha macho yake yakashuka mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa futi tano na inchi tisa. Hebu simama ukutani."

Alute alisimama. Futi kamba ikapanda kutoka kisiginoni hadi utosini.

"Futi tano na inchi tano. Mzee, mwenye kipande hiki ni mrefu. Siye wewe."

"Ni mimi. Dole gumba langu hilo hapo chini."

"Dole gumba husomwa na polisi, Singida mjini. Mimi nina futi kamba."

"Labda hizo inchi nne alizisahau Tanga," alisema Antipasi, mgambo aliyeketi mlangoni. "Mkonge ulikula watu vidole, sembuse kimo."

Alute hakucheka. Alitoa kikapuni pingili mbili zilizopasuliwa na shoka, akaziweka juu ya meza.

"Shika hii ya mtamba. Nzito, siyo? Tazama ndani: mfupa umeshonana, na uboho ni mwekundu. Sasa shika ya maksai."

Bonifasi aliinua, na mkono wake ukapanda kuliko alivyokusudia. Ndani ya pingili ile mfupa ulikuwa umebaki nyuzinyuzi kama dodoki, na kila tundu limejaa mafuta ya manjano.

"Uzee ndivyo uingiavyo," alisema Alute. "Mfupa hukonda, mafuta yakahamia mahali pake. Na mafuta hayabebi mzigo, mwanangu. Pingili huanza kulaliana, na mtu akashuka. Inchi unazozitafuta zimo humu." Akajigusa mgongoni.

Bonifasi, naye mtoto wa wafugaji, aliigeuza pingili mkononi kwa muda mrefu.

"Naona, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mkaguzi wa wilaya hataniuliza mfupa. Mwezi uliopita nilikaripiwa kwa majina kumi na mawili ya wazee wasiokuwapo. Karatasi inasema mrefu."

Akaandika: kipande si chake. Akamrudishia pamoja na pingili zake, kwa mikono miwili, kwa heshima.

Nyumbani, mkewe Selina alizibandika pingili motoni, akasikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Wangeniuliza mimi," alisema. "Uliponioa nilikuwa nakutazama kama kuku anywaye maji. Leo tunatazamana macho kwa macho."

"Na hupendezwi?"

"Nilipenda kutazama juu," alisema, akakoroga chungu.

Alute alitoka kwenda kusali adhuhuri. Alipoinuka kutoka katika rukuu hakuona tofauti kubwa baina ya kuinama na kusimama. Hakutamani ujana wote, wala nguvu za mkonge, wala ng'ombe waliobaki mahameni. Alitamani rakaa moja tu ya mgongo ule wa zamani, asimame mbele ya Mola wake wima kama alivyoumbwa, na mtu mmoja nyuma yake amtazame kwa kuinua shingo.

Kesho yake alfajiri, watu walipangwa mstari mbele ya ghala, majembe begani. Bonifasi alipita na daftari, akiita majina ya wenye nguvu. Alifika kwa Alute akasita. Nyuma yake mgeni mmoja wa wilaya alikuwa akitazama.

"Ndugu Alute, simama wima."

"Nimesimama, mwanangu."

Bonifasi aliinamisha macho kwenye daftari, akatia mbele ya jina alama ya matuta ishirini, akapita kwa mtu wa pili.