Jibu la Dirisha la Nne

Mpiga pasi alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya uhamiaji ya uwanja wa ndege, na tayari makwapa yalikuwa yamelowa. Mkononi alishika kadi yake ya ukaazi wa kudumu, ile aliyoisubiri miaka tisa. Kudumu, ndivyo ilivyoandikwa, na herufi zenyewe kubwakubwa. Lakini kila mwenye kadi ile anajua kwamba ukikaa nje muda mrefu, wenye nchi wana haki ya kusema umeshahama, wakaichukua papo hapo. Yeye alikuwa nje miezi kumi na moja, akimuuguza mama yake. Upande wa pili wa madirisha yale mumewe na binti zake wawili walikuwa wanamngoja.

Aliyemtia hofu zaidi ni shoga yake wa kazini, kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanakopiga pasi mashuka. Wenzake walimbandika jina la Wakili, kwa kuwa hakuna karatasi ya mtu asiyoijua. Mahakamani hajawahi kukanyaga, lakini ukimsikiliza utadhani sheria alizitunga yeye. Juzi tu alimpigia simu.

"Shoga, ukisema mama bado mgonjwa, wataona una mguu ndani, mguu nje. Binamu yangu alisema hivyohivyo, wakamrudisha na ndege ileile. Waambie mambo yamekwisha."

"Yamekwishaje, na mama yuko kitandani?"

"Mimi sijasema zaidi ya hapo," alijibu Wakili, akakata simu.

Bwana aliyemtangulia alijibu maswali mawili tu, akapelekwa kwenye chumba chenye mlango wa kijivu. Hakutoka. Mpiga pasi akaitwa dirisha la nne. Afisa alikuwa kijana mpole wa uso, na upole wenyewe ndio uliomtisha.

"Mama, hapa naona miezi kumi na moja. Ulikuwa unaishi huko?"

"Hapana, afande. Nilikuwa namuuguza mama yangu."

"Anaendeleaje sasa?"

Swali la kawaida, hata jirani angeliuliza. Ila mpiga pasi aliutazama ule mlango wa kijivu. Akilini aliwaona binti zake wakikodolea macho mlango wa kutokea mpaka abiria wa mwisho apite, na mama yao hayupo. Jamani, mwanamke huyu hakuwa mwongo. Hata shuka likimuungulia, yeye ndiye wa kwanza kwenda kumwambia msimamizi. Leo ulimi ulimteleza.

"Amefariki," alisema.

Machozi yakamtoka, tena ya kweli, maana alijiogopa mwenyewe. Afisa akashusha sauti.

"Pole sana, mama. Kwa hiyo huna tena sababu ya kwenda kukaa huko?"

"Sina."

Afisa akaandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili, taratibu, bila kuruka neno. "Nimeweka kwenye faili lako kwamba mzazi ameshafariki," alisema, "ili siku nyingine wasikusumbue." Akagonga muhuri na kumrudishia kadi.

Hajafika hata kwenye mizigo, simu ikaita. Namba ilikuwa ya kaka yake, sauti ilikuwa ya mama.

"Mwanangu, wamekupitisha?"

"Wamenipitisha, mama."

"Mungu mkubwa. Nimeshinda na wasiwasi, hata uji haukupita." Akakohoa, akavuta pumzi kwa shida. "Sitaki kukuchosha. Ila siku ikifika, wewe ndiye nataka unizike. Utakuja, si ndiyo?"

Mpiga pasi aligeuka. Dirishani afisa alikuwa anamhudumia mtu mwingine, wala hakumkumbuka tena.

"Nitakuja, mama," alisema, lakini hakujua siku hiyo atawaambia wa madirishani anakwenda kumzika nani.