Jeneza la Watu Wawili

Jana usiku niliota ninapiga pasi sketi ya kwendea kazini. Nilikuwa nimefika kwenye marinda pasi iliposimama yenyewe na kukohoa.

"Binti, niache nipoe," ilisema. "Unaitwa bandani."

Nilichomoa waya kwa adabu. Nilipogeuka, chumba changu kilikuwa banda la video: mabenchi ya mbao, joto, watu wamebanana, skrini ukutani. Mbele ameketi Mbwilo. Mbwilo hutafsiri filamu za nje kwa sauti yake mwenyewe, na mimi humwandikia maneno. Tumefanya kazi hivyo miaka miwili, na miaka yote hiyo ninampenda bila kumwambia.

Shingoni amefungwa bandeji. Ananikabidhi maiki bila neno.

"Amemeza sauti," maiki ilinieleza. "Leo unatafsiri wewe."

"Mimi huandika tu. Siongei mbele za watu."

"Tumeliona hilo," ilisema maiki.

Filamu inaanza. Ni kisa cha zamani sana: Tabu na Kwembe wanapendana, koo zao hazisalimiani, mwishoni wanaruka kisimani pamoja na watu wanalia. Lakini hili ni toleo la kisasa, kwa hiyo kisima kimejaa mazombi, na kila ukoo una helikopta.

Kando ya kisima limesimama jeneza lililovaa miwani ya jua. Ndilo mwongozaji.

"La watu wawili," likaniambia, likijipigapiga ubavuni. "Fundi alinipima vizuri. Wakisharuka tu, tumemaliza."

"Kwani steringi nani?" mama mmoja aliuliza kutoka benchi la nyuma.

"Mashujaa ni wote wawili," nikasema.

"Basi hawafi. Steringi hafi!"

Banda zima likaitikia: "Steringi hafi!"

Jeneza lilivua miwani, likatoa kitabu cha sheria. "Steringi wa ngumi hafi. Steringi wa mapenzi hufa. La sivyo mtalia saa ngapi?"

"Kulia nalia nyumbani," yule mama alijibu. "Hapa nimekuja kupumzika."

Wapenzi wamepanda ukingoni. Kwembe anafungua mdomo na kuongea lugha nisiyoijua. Mbwilo asipoijua lugha hutunga tu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwembe ananitazama kutoka kwenye skrini.

"Mtafsiri, hapa nasema nini?"

"Kwenye kisa cha zamani unasema mtaonana mbinguni."

"Nikisema hivyo?"

"Mnaruka."

"Mimi nataka kuishi na huyu," alisema Kwembe. "Lakini nina midomo tu. Maneno unayo wewe."

Chini kisimani mazombi wanaanza kuhesabu, tena kwa heshima. Tatu. Mbili. Nashika maiki kwa mikono miwili.

"Tabu," nikasema, na Kwembe akasema. "Nakupenda. Nimechelewa kukwambia kwa sababu ya woga, si kwa sababu sina uhakika. Shuka hapo, utaumia. Twende kwenu nikajitambulishe."

Helikopta zilizima injini zikabaki hapohapo angani, zikisikiliza.

Tabu akashuka. "Hatimaye! Kila wakitengeneza upya naruka. Magoti yameniisha, Kwembe!"

Koo mbili zikasalimiana, salamu ndefu, zikaulizana mpaka hali ya mbuzi. Mazombi wakapanda juu wamebeba kreti za soda, maana ukweni hakwendwi mikono mitupu.

"Na mimi je?" jeneza liliuliza.

"Utakuwa kabati la vyombo," yule mama aliamua. "La harusi."

Jeneza likafikiri. Likafungua mlango, ndani vikombe vilikuwa vimeshapangwa.

Watu walisimama juu ya mabenchi. Vigelegele vikaezua bati la banda, jua likaingia, wakanirushia karanga kwa mikono yote kama wanavyorushiwa maharusi. Nilipokea shangwe zile nikiwa nimesimama wima, wala sikujificha nyuma ya mtu.

Nikaamka. Nilipojikuna kichwa, ganda la karanga likadondoka kwenye mto. Karanga zinanidhuru, sijawahi kuziingiza chumbani humu.

Simu ikaita. Alikuwa Mbwilo.

"Dada Nambua, umeamkaje? Ile filamu ya leo, mwisho wake umeshauandika?"

"Bado."

"Sasa dada, tutafanyaje?"

Nikakaa vizuri kitandani.

"Kwanza acha kuniita dada, Mbwilo. Nakupenda."