Mkanda Alioushona Mwenyewe

Tak. Kimya. Tak.

Nilikuwa nimelala chumba cha wajukuu, nikasikia cherehani ikizungushwa kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Hata jogoo hawajawika. Binti yangu ni fundi cherehani, na fundi anayeshona bila kukanyaga pedali ana mtu asiyetaka kumwamsha. Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Nikamwendea, shuka mabegani. Ameketi upande, amejikunja.

"Mwanangu, hiyo kazi haingoji kukuche?"

"Ya mteja, Mama. Rudi ukalale."

Chini ya sindano kulikuwa na mkanda mpana wenye kulabu. Akaufunika kwa kiwiko.

Nilikuja bila kualikwa na yeye. Kwenye simu aliniambia ameshonwa ngiri, kaoperesheni kadogo, nisijisumbue. Mumewe ndiye aliyeniita. Alikuwa anawapeleka mapacha kwa dada yake ili mama yao asishawishike kuwabeba. "Mengine atakueleza mwenyewe, Mama," akasema. Mkwe wangu si msemaji, lakini nilikuta kila ndoo imejaa maji na vyombo vyote vimeshushwa kutoka rafu za juu.

Nikamgusa mwanangu paji la uso. Linachemka.

"Nionyeshe."

"Hapana, Mama."

"Nani alikuogesha utotoni, jirani? Nionyeshe."

Akapandisha gauni huku akitazama ukuta. Bandeji ilitoka nyonga hadi nyonga. Ubavuni ulitokeza mpira mwembamba wenye kichupa cha kukusanyia majimaji. Kichupa kilikuwa kikavu, mpira umelala bapa, na tumbo limevimba upande mmoja, ngozi inang'aa.

"Hii si ngiri," nikasema.

Akaanza kulia taratibu, maana kulia nako kulimuuma.

"Hospitali walinipa mkanda mnene. Nikiuvaa, mpira unaonekana juu ya nguo. Niliposikia unakuja, nikashona wangu mwembamba, mpira nikaubania ndani. Sasa unanikaba, ndiyo nikawa nafumua niulegeze."

Nikavuta kigoda nikakaa. Sikumuuliza kwa nini. Alisema mwenyewe.

"Tangu mapacha, Mama, mimi nawapima wateja kiuno kwa utepe, wao wananipima kwa macho. 'Fundi, wa tatu lini?' Kwenye foleni watu wananipisha kiti. Nitawaambiaje sina mimba? Nakaa, nashukuru."

"Na daktari?"

"Alisema kunyonya mafuta peke yake hakutanisaidia, shida ni ngozi na misuli iliyoachana. Kukata kidogo, huku juu kungebaki vilevile. Nikachagua ile kubwa: ngozi inapunguzwa, misuli inashonwa, kitovu kinatobolewa mahali papya. Kama kupunguza gauni. Lakini naona aibu, Mama. Wanangu walilala humu. Nani anajipasua kwa ajili ya tumbo?"

"Wewe," nikamwambia. "Na sasa tunakwenda kutibiwa."

Hospitali aliyopasuliwa ilikuwa mbali, tukaenda kituo cha afya cha karibu. Benchi lilijaa, na nusu ya waliokaa amewashonea nguo.

"Fundi!" muuguzi akaita kutoka mezani. "Umefanyiwa operesheni ya nini?"

Shingo zote zikageuka. Nikamtangulia mwanangu kujibu.

"Ngiri."

"Ngiri ya wapi, Bibi? Ya kitovu au ya kinena?"

Uso ukaniwaka. Kumbe na mimi nilikuwa naufunika mkanda kwa kiwiko, na muuguzi angetafuta ugonjwa mahali usipo.

Mwanangu akashika ukingo wa meza.

"Mama ananisitiri. Si ngiri. Nimekatwa tumbo lililolegea, huku mpaka huku. Mpira wa majimaji umeziba. Nimeuziba mimi, na nina homa."

"Kumbe!" mtu akasema, mwingine akacheka puani. Mwanangu aliinamisha kichwa, ila hakuondoka. Ndipo mama mmoja akasogea, akampisha. Safari hii alimpisha mgonjwa.

Muuguzi akavuta pazia. Alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa, na hakupandisha sauti tena. Akaunyoosha mpira, akaukamua polepole mpaka kichupa kikaanza kujaa. Akampigia simu daktari aliyempasua, dawa zikaanza hapohapo, na gari likaitwa limpeleke hospitali siku hiyohiyo.

"Huu umeushona wewe?" akauliza, ameuinua ule mkanda. "Mshono safi kuliko wetu. Usiuvae tena."

Mwanangu akacheka, akajishika tumbo. "Usinichekeshe, dada, nitafumuka."

Nilikaa naye mpaka homa ikaisha na mpira ukatolewa. Alilala magoti juu ya mto, akatembea amejikunja kama ajuza kunishinda mimi. Asubuhi ya kuondoka kwangu alinisindikiza hadi mlangoni, mkanda mnene wa hospitali umetuna chini ya gauni, majirani wanapita.

"Bado naona aibu, Mama."

"Najua, mwanangu."

Akanishika mkono, akachelewa kuuachia.

"Kovu likikauka, njoo tena. Safari hii nakuita mimi. Utakuja?"