Mkwaruzo wa Saba

...na hapo mwiko wangu wa kuchimbia unagota tena, ngo, na huu si mlio wa mzizi, mzizi hugota kwa ulaini kama mtu anayekukatalia jambo kwa adabu, hii ni ngo ya jiwe, jiwe la tatu, na yale mawili ya kwanza nimeshayatafutia udhuru, nimejiambia yameporomoka kutoka juu, mlima huangusha mawe kama mimi ninavyoangusha vifungo vya shati, lakini la kwanza limekaa juu ya la pili na la pili limekaa juu ya la tatu, na katikati yao kuna vijiwe vidogo vimepachikwa kuziba nafasi, na mimi nimesimama ndani ya shimo, kichwa sawa na nyasi, tumbo limegusa ukuta wa mbele, makalio yamegusa ukuta wa nyuma, nilipima shimo kwa kiuno nilichokuwa nacho zamani, mtaalamu mzima wa udongo nimejikosea kipimo changu mwenyewe, "Mtaalamu! Umeona nini huko chini?" huyo ni bwana misitu, naona buti zake tu kutoka hapa, zinang'aa, mtu anapiga buti rangi kuingia msituni, "Naangalia bado," nasema, na shangazi yangu yuko upande wa pili wa shimo, yeye namwona ndala na vidole vya miguu vilivyopinda, anasema, "Mwacheni mwanangu atazame, nyie mna haraka gani, msitu unakimbia?" na watu wanacheka, wako kama ishirini hapo juu, wote wa kule chini ya mlima, wamekuja kuona kama kesho watakuwa na kwao au hawatakuwa na kwao, na bado wanacheka, watu hawa nawapenda mpaka basi. Karatasi ya makubaliano ilisomwa asubuhi mbele ya wote, shimo moja tu, mahali atakapochagua bwana misitu mwenyewe ndani kabisa ya msitu, nikiona kazi ya mkono wa mtu chini ya mizizi, kaya thelathini na mbili zinabaki na zinaendelea kuingia humu kama walivyoingia bibi zao, nisipoona, basi msitu ni wa asili, haujawahi kuguswa, na wao ni wavamizi, wanahama kabla ya mvua, na anayetia sahihi ni mimi, pande zote mbili zimenikubali mimi, shangazi kwa sababu amenilea, na bwana misitu kwa sababu ya ramani, alisema mbele ya watu wote, mkono begani kwangu, "Huyu ni mtu wa haki, ndiye aliyechora ramani yetu, na akaandika msitu wa asili huku akijua shangazi yake anakaa hapa chini," na watu wakanitazama kwa heshima, na mimi nikatazama buti zake... lakini vijiwe hivi, mvua gani inapachika vijiwe? Nimeona mvua za kila namna, nimelowa katika nchi ambazo jina langu walilitamka kama mtu anayekohoa, mvua hukusanya, hutawanya, huzika, lakini haijawahi kuchukua kijiwe cha ukubwa wa yai ikakigeuzageuza ikatafuta upande wake mwembamba ikakisukuma kwenye ufa kwa kidole gumba, hapana, huo ni mkono... tulia, mzee, usiwe na pupa, jiwe ni jiwe, pengine unaona unachotaka kuona, pengine ni yale mapenzi ya shangazi yanakupanda kichwani, kwangua kidogo, taratibu, safisha ukuta wa shimo kama unavyofuta uso wa mtoto, haya, juu majani yaliyooza, shibiri moja, chini kule kwenye vidole vyangu udongo mwekundu, mgumu, maskini wa kutupwa, huu ndio udongo halisi wa mlima huu, haulishi hata mbigili, na katikati, katikati mbona ni weusi namna hii, weusi wa sufuria, na mwingi, unanifika kutoka gotini hadi kifuani, mlima mwekundu umepata wapi weusi wote huu... "Hakuna kitu huko," bwana misitu anamwambia mtu, hana ubaya, sauti yake haina ubaya kabisa, ni mtu anayependa miti kwa dhati, asubuhi nilimwona akishika mkuyu kama unavyomshika mgonjwa paji la uso, "msitu huu una umri mkubwa kuliko watu, mama, nyie mmeukuta," na shangazi anajibu, "Sisi tumeukuta, sawa, na wewe umekutwa na nani?" na wanacheka tena, na mimi ningecheka lakini nikicheka tumbo linabana. Kwangua tena. Weusi huu hauko sawasawa, una mistari, kijivu, myeusi, kijivu, myeusi, myembamba kama kurasa, nayo haikulala, imeinama, inashuka kutoka kwenye mawe kwa mteremko mkali, kama kitu kilichomwagwa, kikamwagwa tena, kikamwagwa tena mahali palepale, siku baada ya siku, na kati ya kurasa kuna makaa, na mfupa wa samaki, samaki gani anapanda mlima, na kigae cha chungu kina masizi upande mmoja, na mteremko huu, mteremko huu naujua, nimeuona wapi mteremko huu, mkono wangu unaujua kabla yangu, shavu langu linaujua... kofi! Nina miaka saba, nimebeba sufuria bovu lenye jivu la asubuhi, nimelimwaga njiani kwa sababu njiani ni karibu, na shangazi ametokea sijui wapi, pa! "Jivu unamwaga njiani wewe, njia inakula? Ukutani! Mpe ukuta chake!" na ukutani maana yake lile tuta la mawe nyuma ya jiko lake, upande wa juu, ambako alimwaga jivu, na maganda, na mifupa, na vigae, kila siku palepale, na lundo likashuka kutoka kwenye mawe kwa mteremko huu huu, na alipoona limefika kimo cha kiuno alihama hatua kumi akaanza lingine, na pale alipoacha akapanda, na kila alichopanda kikaota kama kimetukanwa, na nilipomuuliza kwa nini tunalisha mawe, akasema, "Mimi nilipigwa kofi na bibi yangu, sasa na wewe umepigwa, tumemaliza." Ee Mungu wangu. Kofi lile limetoka mbali, kumbe. Kofi lile lina umri mkubwa kuliko mkuyu, kuna mama alisimama hapa nilipo na sufuria lake, akamzaba mtoto, na mtoto akakua akamzaba wake, kofi kwa kofi mpaka mlima mwekundu ukawa mweusi, na sasa angalia juu yake, angalia huo mzizi, mzizi wa mkuyu mnene kama paja langu, na mimi sina paja dogo, umeshuka ukakutana na ukuta, ukauzunguka, ukaukumbatia, haukuuvunja, na vijizizi vyake vyote, vyote, vimeingia kwenye weusi, hata kimoja hakijashuka kule kwenye udongo mwekundu, maana yake ukuta ulitangulia, jivu likafuata, mkuyu ukaja kula mezani palipokwisha andaliwa. Msitu haujawahi kuguswa! Msitu umelelewa na kufinywa masikio! "Mtaalamu, umenyamaza sana," buti zinasogea, vumbi linanidondokea, "umekwama?" "Sijakwama," nasema, uongo mtupu... Na hapa ndipo linanijia, sikulialika, linakuja lenyewe na kukaa kifuani palipobana, picha. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nina miaka ishirini na sita, nimeajiriwa mwezi wa pili, chumba cha ramani, taa chini ya meza ya kioo, mkuu wetu akipita nyuma ya viti na mikono mgongoni, "Picha safi, ramani safi," na kazi ya vijana ilikuwa hiyo, kusafisha, kila filamu ilikuja na vumbi na mikwaruzo, na sisi na brashi na wembe na wino tukaiondoa kabla ya kuchora, na mimi nilikuwa hodari, jamani, nilikuwa hodari mpaka wakaniita Kifutio, na mlima huu ulipofika mezani kwangu ulikuwa na mikwaruzo kumi na mmoja, mistari myembamba, ikikata mlima kwa ubavu, mmoja juu ya mwingine, na nikasema filamu hii imeburutwa na mbwa, na nikaifuta, mmoja mmoja, siku mbili, na mkwaruzo wa saba ndio ulionipa taabu, ule karibu na pale kijito kinapopinda, ulikuwa mzito, ukifutwa unarudi, nikaufutia nusu siku nzima, ulimi nje, na ulipoisha mkuu akainama akasema safi sana, na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, msitu wa asili. Kijito kinapopinda. Nakisikia kijito. Nikigeuza kichwa kushoto, kadiri tumbo linavyoruhusu, nakisikia kinapopinda. Nimesimama ndani ya mkwaruzo wa saba, kumbe haikuwa mikwaruzo ya filamu, ilikuwa miti iliyopanga mistari juu ya kuta. Watu wa kale walijenga kuta kumi na moja kwa mikono yao, mvua ikaja ikateremsha udongo, kuta zikaudaka, mlima ukawaonyesha mahali pa kuweka jiwe na wao wakauonyesha mlima namna ya kutunza maji, wakapatana, vizazi kwa vizazi, na miti ikaja ikaweka sahihi, halafu nikaja mimi na wembe! Miaka ishirini na saba ramani hiyo iko ukutani katika kila ofisi, nimeiona hata kwenye kitabu cha binti yangu cha shule, nikamwambia hii ni kazi ya baba, akanibusu, na kwa ajili ya ramani hiyo hiyo hawa waliosimama hapo juu wanaambiwa wamevamia nyumba ya bibi yao... na nilijua nini mimi, nimekwenda kusoma mbali, nchi ya baridi ambako kamasi iliganda puani, mwalimu akatupeleka kwenye milima mitupu, mizuri, maua ya zambarau hadi upeo wa macho, nikasema, ajabu ya asili, na mzee mmoja mchunga kondoo akanicheka hadi akakaa chini, akasema maua haya babu zangu waliyatunza kwa moto na kwa midomo ya kondoo, tukiacha kuchoma na kuchunga hayapo, na nikaandika kwenye daftari, nikapata alama nzuri, na nchi nyingine nikaona ngazi za mashamba zimechongwa mlima mzima kama suruali yenye mikunjo, nikapiga picha, nimesimama mbele yake nimeshika kiuno, na sikuwahi, sikuwahi hata siku moja kufikiria nyuma ya jiko la shangazi. Mtu anazunguka dunia nzima kutafuta alichomwagia jivu. Sasa nikisema, nasema yote, siwezi kusema ukuta bila kusema wembe, bwana misitu ataniuliza, kwa nini hauonekani kwenye ramani yako, na nikisema ni mimi niliufuta, basi Kifutio nimejifuta, mtaalamu kwaheri, mihadhara kwaheri, binti yangu afungue ukurasa ule aone kazi ya baba... au nyamaza, sema ni ukuta, sema ramani ilikosea, ramani, kama vile ramani hujichora... lakini wataniamini? Mpwa anamwona shangazi yake ukutani, ajabu gani hiyo, watasema damu imesema, ila mtu akisema, nimekosea mimi, kwa mkono huu, na filamu ziko kabatini, ile nakala ya kwanza ambayo haijaguswa iko kabatini na mikwaruzo yake yote kumi na mmoja, kaihesabuni, mtu huyo nani atambishia? Nani anajizulia aibu? Loo. Kosa langu ndilo shahidi wao! Niliufuta mstari ule vizuri mno, ndiyo maana naukumbuka, kijana mvivu angesahau, lakini mimi, mpumbavu hodari, nimebeba mstari wa saba kichwani miaka yote hii, ninajua ulipoanzia, ulipopinda, ulipokoma, naweza kuwapeleka hawa watu ukuta kwa ukuta nikiwa nimefumba macho, chimba hapa, chimba hapa, ngo, ngo, ngo, kumi na moja! Na nacheka, tumbo linabana na ninacheka, udongo mweusi unanianguka kolani, uacheni uanguke, ni jivu la mama wa watu, sijawahi kufurahia kukosea namna hii, hata siku ya harusi yangu sikuwa na furaha hii, mke wangu asinisikie... na bwana misitu, maskini, nitamwambiaje, nitamwambia miti yako ni ile ile, mikubwa vile vile, umeipenda na endelea kuipenda, ila haikuzaliwa yatima, bwana, ina wazazi, na wengine wao wamesimama hapo na ndala, wasalimie. "Anacheka," anasema mtu. "Hewa imemwisha," anasema mwingine. Na vidole vilivyopinda vinasogea hadi ukingoni kabisa, na uso unainama, uso wa shangazi, jua liko nyuma yake, macho yake hayana mzaha sasa, yana kaya thelathini na mbili ndani yake, anauliza polepole, ili wengine wasisikie, "Baba, kuna kitu?" na buti nazo zinakuja, uso wa pili unainama, "Mtaalamu, mara ya mwisho nauliza, umeona nini?" na bado nimebanwa mbele na nyuma, mwiko bado uko juu ya jiwe la tatu, ngazi hakuna aliyeileta, shavu la kushoto linawaka moto kama limezabwa sasa hivi, na ninavuta pumzi, ninavuta hewa yote ya shimo hili, harufu ya jivu, ya samaki, ya mizizi, na ninaanza na mimi, lazima nianze na mimi, mkwaruzo wa saba...