Tanuri Lenye Mlango Mdogo

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, na wengi waliamini jina hilo limetokana na shanga alizotengeneza kwa kioo na moto. Ukweli ni kwamba wenye haki ya kumwita hivyo walikuwa watoto wa kaka yake tu. Mama yao, wifi yake, ndiye aliyekuwa mwenzake kazini. Huyo walimbandika jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Miaka yote walipoza shanga zao kwenye ndoo ya majivu ya moto. Zilitoka zinang'aa, hazina hata ufa. Kumbe kioo kina kinyongo: nje kukipoa kabla ya ndani, hubaki kinavutana kimyakimya, na siku moja kinapasuka bila kuguswa. Shanga moja ilipasukia shingoni mwa mteja akiwa anajitazama dukani, ikamchana. Mwenye duka aliwarudishia mzigo wote. Aliwapa nafasi moja tu, mkufu mmoja, Ijumaa asubuhi. Huo nao ukipasuka, wasahau njia ya kwake.

Ndipo wakaenda kwa muuza mitambo iliyotumika kutafuta tanuri. Chiriku alilipenda moja kubwa la kufunikia juu, lililokuwa la mfinyanzi. Alisema lingemeza shanga za mwaka mzima. Shangazi alilizunguka, akatikisa kichwa. Kila shanga ikiingizwa, kifuniko chote kingefunuliwa, joto lote lingepaa, na zilizotangulia zingeshtuka. Tena lingevuta umeme mwingi, na nyaya za nyumba yao zingeungua mapema. Akachagua dogo, la kukaa juu ya meza, lenye kijimlango katikati ya mlango wake mkubwa wa mbele, cha kupenyezea shanga ikiwa bado kwenye waya inaozungushiwa motoni. Muuzaji aliapa kwamba namba za kipimajoto chake hazikosei.

Alhamisi asubuhi waliliwasha. Shangazi aliweka nyuzi mia tano na kumi, joto la kukituliza kioo bila kukiyeyusha, akaketi mbele ya kichomeo cha gesi. Shanga za bluu zikaingia, zikafuata za kijani. Ilipofika adhuhuri zilibaki chache tu za kutengeneza. Akafungua kijimlango kupenyeza nyingine, mkono ukasita.

Ndani palikuwa pekundu. Mafundi wa kioo walikuwa wamemwambia kwamba joto la namba ile halitoi mwanga wa kuonekana mchana. Huu ulikuwa wekundu wa makaa yaliyopepewa. Namba ilikuwa palepale, mia tano na kumi.

"Wifi," alisema, "hii mashine inasema uongo."

Chiriku alichungulia. Alisema macho ya Shangazi yamechoka na moto, na kwamba walinunua mashine ili waache kubahatisha. "Ukizima sasa zinapasuka zote. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

"Nikiacha zinageuka donge."

Akachukua kijiti chembamba cha kioo, akakipasha kwanza ili kisishtuke, akakipenyeza kijimlangoni. Ncha ikaanza kuinama, ikalegea kama uzi uliolowa.

Hakuzima. Alishusha namba kidogo, akangoja, akajaribu kijiti kingine. Nacho kikainama. Akashusha tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope. Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni, anampasia vijiti.

Ndani ya tanuri kukasikika tak.

"Matofali hayo?" Chiriku aliuliza.

"Sijui."

"Tufungue tuone." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango mkubwa. Shangazi alimdaka kiganja.

"Ukifungua, wifi, hata zilizo nzima tunaziua sisi."

Chiriku akauondoa mkono, akaukalia kabisa. Kijiti kilichofuata kilipinda kidogo mno, kiasi cha unywele, kikatulia: ndilo joto walilolitafuta. Shangazi alimalizia shanga zilizobaki, kisha akaanza kulishusha joto, kidogo kidogo, mpaka jioni. Hawakufungua hadi kulipokucha na tanuri limepoa kabisa.

Tano za nyuma zilikuwa zimeshikana. Zilizosalia zilikuwa nzima, lakini hata zile za majivu zilitoka nzima. Shangazi akachukua moja, akaitia kwenye maji ya moto, akaihamishia kwenye maji ya barafu. Kimya. Akarudia na ya pili, halafu ya tatu, sikio lake likiwa karibu na bakuli. Chiriku alimwomba aache, asije akaumaliza mkufu kwa kuupima.

Asubuhi hiyohiyo wakazitunga, wakaenda dukani. Mwenye duka aliugeuzageuza mkufu, akasema ni mfupi kuliko walivyopatana, kisha akauvaa yeye mwenyewe. Hangeuweka dirishani hadi mwezi uishe akiwa nao shingoni. "Sijawasamehe," alisema. "Nauvaa tu."

Mwezi huo Shangazi hakulala vizuri. Kila mtu akibisha hodi, alidhani mkufu umerudishwa. Mwezi ulipokwisha mwenye duka alikuja mwenyewe, mkufu uko shingoni, akaagiza wa pili. Alisisitiza uwe mrefu.